Mwanagenzi na Msiba wa Mbali

Wako wasemao kwamba mwanagenzi wa kazi ya gazeti huwa na bahati anapokutwa afisini siku anayokufa mtu mashuhuri wa dunia. Husema siku hiyo moja humfunza zaidi ya mwaka mzima wa darasani. Sikatai kwamba humfunza. Nauliza tu: humfunza nini?

Mimi yalinikuta hayo. Bintimfalme Diana wa Uingereza alifariki mjini Paris Jumapili ya tarehe 31 Agosti, 1997, nami nilikuwa mwanagenzi wa gazeti moja hapa Mombasa. Gari alimokuwa liligonga nguzo usiku katika njia ya chini ya ardhi karibu na daraja la Alma, akafa hospitalini yapata saa kumi na moja alfajiri kwa saa zetu. Magazeti ya Jumapili yalikuwa yamekwisha kuchapwa, kwa hiyo afisi ilikuwa na mchana kutwa wa kuandaa toleo la Jumatatu.

Nilipewa kazi ya kukaa mbele ya mtambo wa mashirika ya habari, nichane karatasi nimpelekee mhariri. Habari za mwanzo zilikuwa zimesema kwamba Dodi Fayed amekufa, ila Diana amevunjika mkono na kuumia paja. Baadaye zikaja nyingine za kuzitangua hizo. Sisi tuliopitia chuoni tuliijua adabu hiyo tangu udogoni: neno halipokewi mpaka ijulikane limetoka kwa nani, na huyo naye kalipata kwa nani. Kwa hayo sina ugomvi. Mwanagenzi na akae pale ajifunze subira.

Ugomvi wangu uko kwengine. Usiku wa tarehe 13 mwezi ule ule, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi sita na kuchukua bunduki. Katika machafuko yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakayahama makao yao. Wengine walikimbilia Kanisa Katoliki la Likoni, wakalala hapo na watoto wao. Na Likoni si Paris; ni ng'ambo ya kivuko tu, dakika chache kwa feri.

Jumapili ile mwandishi aliyekuwa aende Likoni aliambiwa asiende. Alitakiwa azunguke mjini kwa wakubwa, akusanye rambirambi za Diana. Habari za Likoni zikapata nafasi ya kiganja, ndani kabisa ya gazeti. Kesho yake, barazani, mzee mmoja aliniuliza kama ni kweli kwamba Dodi, kwa kuwa alikuwa Mwislamu, amezikwa siku ile ile aliyokufa. Nikamjibu ndiyo. Kisha akauliza: "Na wale wa kanisani, mwanangu, wamerudi makwao?" Hilo gazeti letu halikuwa na jibu lake.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa gazeti huuzwa, na msomaji ndiye aliyemtaka Diana. Ni kweli, na wala simbezi marehemu. Mwezi wa Januari mwaka ule alikwenda Angola, akapita katika uwanja uliotegwa mabomu ya ardhini, akaketi na waliokatika miguu. Waandishi walimfuata yeye, na kwa kumfuata wakawaona wale watu ambao hakuna aliyekuwa akiwauliza hali. Desemba mwaka huo nchi 122 zilitia saini mkataba wa Ottawa wa kuyapiga marufuku mabomu hayo. Basi mtu aliyejua kulitumia jina lake hivyo, je, ni heshima kwake jina hilo litumiwe kuwafunika wakimbizi wa Likoni?

Diana alikuwa na waandishi wa dunia nzima. Habari zake zingetufikia hata kama hakuna mtu mmoja wa gazeti letu aliyeinua kalamu. Lakini habari za kanisa la Likoni, kama haziandikwi na gazeti la Mombasa, ni nani mwengine wa kuziandika kila siku?

Leo mtambo ule haupo, ila mambo ni yale yale. Akifa mwimbaji wa Marekani, wanagenzi wote huinamishwa kwenye simu na kompyuta, wanakili yanayosemwa na wengine ambao nao wananakili. Anachojifunza kijana hapo ni kwamba kuna vifo vya ukurasa wa mbele na vifo vya pembeni, na somo hilo halimtoki hata akiwa mhariri.

Wahariri wenzangu, wahenga walituasa tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Siku kama hiyo ikifika tena, mwacheni mzoefu mmoja azipime habari za mbali. Mwanagenzi mpeni daftari na nauli, mumtume kule ambako mwandishi ameambiwa asiende. Na atakachorudi nacho, mkichape.