Gari Hukaguliwa Hadi Uvunguni, Mzee Hufungiwa Lango

Katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong jijini Nairobi, magari ya kale hupangwa kwenye nyasi kwa mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970. Majaji huinama wakachungulia uvunguni, wakafungua buti, wakakagua injini na viti. Gari la miaka sitini hupewa alama kwa kutunzwa vyema, wala hakuna anayelicheka kwa ukuukuu wake. Sina ugomvi na wenye magari hayo. Ninachouliza ni hiki: ni lini tuliwatazama kwa makini ya namna hiyo wazee walioyaendesha, wakayatengeneza na kuyasukuma matopeni?

Uingereza na Marekani wapo wenye magari ya kale wanaojitolea kuyapeleka kwenye makao ya wazee. Wakazi huyagusa, hukaa ndani yake, na wanaoweza huzungushwa barabarani. Nilipoligusia jambo hili darasani, mwanafunzi mmoja alinijibu kwamba hayo ni mambo ya walioshiba. Mzee wa Kenya anahitaji unga kwanza. Nami niliwahi kufikiri hivyo, mpaka mzee mmoja aliponifundisha.

Tulikuwa tumezuru makao fulani ya wazee tukiwa na unga, sukari na sabuni, kama ilivyo desturi. Wazee wakapangwa kwenye mabenchi, tukatoa hotuba, tukapiga picha. Mwenzangu wa idarani alichelewa, akaingia na Peugeot 404 aliyorithi kwa babake. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akashika mkongojo wake, akainuka, akalifuata gari.

"Kijana, zima. Sasa washa tena," akamwagiza mhadhiri mwenye shahada ya uzamifu. Akasikiliza, akasema vali zinagonga. Kisha akawaita wanafunzi wangu, akawaonyesha gia iliyo kwenye usukani, akawaeleza kwamba gari la aina hiyo ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Kumbe alikuwa dereva wa serikali kwa miaka mingi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kwa nusu saa yeye alikuwa mwalimu, sisi wanafunzi.

Ndipo akaomba jambo moja tu: afikishwe barabara kuu, kisha arudishwe. Msimamizi akakataa. Hapakuwa na fomu, hapakuwa na kibali, na lawama angeibeba nani? Mzee akakaa kiti cha mbele, injini ikinguruma, gari likielekea lango lililofungwa. Niliahidi kurudi na kibali. Nikashikwa na mitihani, muhula mzima ukapita. Niliporudi, mzee alikuwa amekwisha kuzikwa. Msimamizi alifunga lango siku moja. Mimi nililifunga muhula mzima.

Wanaosema "unga kwanza" wasome Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010. Kinaitaka Serikali ihakikishe wazee wanapata haki nne: kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Unga umo katika haki ya nne. Kushiriki katika jamii kumetajwa mwanzo kabisa. Nani aliyetupa ruhusa ya kuusoma mlolongo huo kutoka chini na kukomea hapohapo?

Na hata hiyo ya nne hatujaitimiza. Inua Jamii humpa mzee aliyetimiza miaka sabini shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi malipo huchelewa. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: gari la kale si badala ya pesa hizo, wala ya dawa, wala ya daktari. Mwanasiasa atakayefika na msafara wa magari yanayong'aa ili apigwe picha atakuwa ametufanyia lilelile la sabuni, kwa gharama kubwa zaidi. Lakini anayedai kwamba mzee achague kati ya kushiba na kuheshimiwa hamtetei mzee. Anatafuta njia rahisi ya kumnyima yote mawili.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ziara zetu zimekuwa za mgeni kupona: sisi ndio tunaorudi nyumbani mioyo ikiwa myeupe. Ubora wa gari lile kuukuu ni kwamba lilitunyang'anya cheo cha watoaji. Lilikuwa na siri ambazo mzee alizijua nasi hatukuzijua.

Basi wenye magari ya kale, msingoje siku ya majaji. Yapelekeni kwa wanaoyajua. Wanafunzi, nendeni na maswali kabla ya kwenda na sukari. Nanyi watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, kazi yenu ni ndogo na haihitaji bajeti: andikeni utaratibu unaomruhusu mzee mwenye akili timamu kutoka langoni kwa hiari yake, pamoja na mtu aliyesajiliwa, na kurudi. Karatasi moja yatosha. Mzee yule aliikosa karatasi hiyo, na barabara kuu ilikuwa mwendo wa dakika tano.