Fundi apima kwa futi, mkandarasi alipwa kwa mita

Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ipitishwe mwaka 2024, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kila mwezi. Mjadala umekuwa juu ya pesa hizo na nani atapewa nyumba. Lakini kuna jambo ambalo wanasiasa wetu wa Pwani hawaligusi, nalo ni kipimo. Ndicho kinachoamua fundi wa Kisauni au Malindi arudi nyumbani na nini.

Mkandarasi mkubwa hulipwa kwa orodha ya vipimo na bei, ile inayoitwa BQ. Orodha hiyo hufuata mwongozo wa kupima kazi za ujenzi uliotengenezwa kwa ajili ya Afrika Mashariki, ambao asili yake ni ule wa Uingereza uliotoka mara ya kwanza mwaka 1922. Humo ukuta hupimwa kwa mita za mraba. Akishapata kazi, mkandarasi huwaita mafundi wa mtaani, na hao huelewana naye kwa futi ya mawe yaliyojengwa.

Hapo ndipo mtu hupunjika. Jiwe likilazwa kwa kimo cha inchi 9, mita moja ya mraba ya ukuta huwa na takriban futi 13 za mawe. Likilazwa kwa kimo cha inchi 6, mita hiyo hiyo hufika futi 19 hivi. Fundi aliyekubali bei ya futi bila kutaja kimo hajui amekubali nini, na mwenye nyumba naye hajui atalipa ngapi.

Plasta nayo ina ugomvi wake. Chukua ukuta wa mita 10 kwa 3, wenye madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2 na mlango wa mita 0.9 kwa 2.1. Ukuta mzima ni mita 30 za mraba. Ukitoa matundu hayo, kama mwongozo unavyotaka, zinabaki 24.51. Fundi wetu huhesabu zote 30, akisema kingo za dirisha zina kazi kuliko ukuta mtupu. Ana haki, kwa sababu kingo hizo hula muda. Tuseme bei ni shilingi 300 kwa mita: tofauti ni shilingi 1,647 kwa ukuta mmoja. Kwa kuta kumi kama huo, ni 16,470. Kesi ngapi za mafundi na wenye nyumba zimefika kwa chifu kwa sababu hii tu?

Tukija kwenye majengo yetu ya asili, mambo huzidi. Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu 2001. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na ndani zina zidaka. Anayepima plasta ya zidaka kama ukuta laini anamdhulumu fundi, na fundi aliyedhulumiwa huharakisha kazi. Boriti huuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Makuti huuzwa kwa idadi, na nafasi kati ya kuti na kuti ndiyo huamua paa litavuja lini. Mita ya mraba peke yake haisemi hayo.

Sisemi mwongozo utupwe. Bila kipimo kimoja, zabuni haziwezi kulinganishwa na wizi hupata mlango. Lakini hata Waingereza wameubadilisha wao mara kadhaa. Toleo la saba lilitoka 1988. Kwa nini sisi tuogope kuongeza kurasa zetu?

Kaunti za Pwani zikae na wakadiriaji majenzi na mafundi, watoe kijitabu cha Kiswahili. Kiseme futi ya jiwe la kimo fulani ni sawa na mita ngapi. Kiseme matundu yatolewe vipi na kingo zilipwe vipi. Kazi ya zidaka, boriti na makuti iwe na mistari yake katika BQ. Kisha kila mradi wa umma umlazimishe mkandarasi kumwandikia fundi kipimo kabla jiwe la kwanza halijalazwa.

Waislamu tunayo sura nzima ya kuwaonya wapunjao vipimo, Al-Mutaffifin. Tumezoea kuisoma tukimfikiria muuza duka na mizani yake. Futi ya fundi nayo ni mizani.