BWANA SHAMBA WENU: Kipepeo huyu si mama wa funza



Kila msimu wa pamba hapa Lalago huonekana kipepeo mdogo anayeruka chini chini kando ya shamba. Wapo wanaosema ndiye mama wa funza wa vitumba. Wakimwona tu, wanachukua bomba na kupiga dawa. Dawa ni fedha, na huyo hana kosa.

Mtazame vizuri. Akitandaza mabawa hafikii urefu wa kiberiti. Ni mweusi aliyefifia, mwenye madoa meupe kama bao la drafti. Kichwa ni kipana na kifua ni kinene. Papasi zake mbili zimevimba nchani. Haelei hewani kama vipepeo wakubwa. Huruka kwa kasi, kisha hutua juu ya udongo mtupu na kuota jua. Ukimkaribia, amekwenda. Hata watoto wenye mbio hawamshiki! Wataalamu humwita Spialia.

Mdomo wake ni mrija, hauwezi kutafuna. Hunyonya utamu wa maua, mchana tu. Jike hutaga yai moja moja juu ya magugu ya ukoo wa bamia na choya, yanayoota njiani na kwenye mashamba yaliyolala. Pamba nayo ni ya ukoo huo, ndiyo maana tunamwona karibu. Kiwavi wake hukunja jani la gugu, hulishona kwa nyuzi na kujificha ndani. Humo humo hugeuka kuwa kipepeo.

Mama wa funza ni nondo. Ni mkubwa kuliko huyu, na rangi yake ni ya majani makavu. Mchana hujificha, jioni huanza kuruka. Akitua, mabawa hufunika mgongo kama paa la nyumba. Mayai yake ni madogo kama kichwa cha pini, na mengi hukaa sehemu ya juu ya mpamba. Baada ya siku chache funza hutoka, na baadaye hutoboa vitumba. Kinyesi chake utakiona tunduni.

Basi kagua mipamba, usihesabu vipepeo. Pita shamba lote, geuza majani ya juu, tazama vitumba. Ukikuta mayai na funza wengi, njoo tuzungumze habari ya dawa. Usipowakuta, acha bomba nyumbani. Dawa huua nyuki, na huua pia wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi, ambao hula wadudu mafuta.

Ila ukiona jani la pamba lenyewe limeviringishwa, nionyeshe. Huyo ni kiwavi mwingine, na mama yake pia ni nondo.