Singleti Chini ya Shati
Utawala wa Mobutu ulipowataka wanaume wa Zaire wavae abakosti, yaani koti lililokusudiwa kuvaliwa bila shati la Kizungu wala tai, suala la nguo ya ndani halikuwa na uzito mkubwa. Lakini tai iliporuhusiwa tena mwaka 1990, shati jeupe lilirudi pamoja na doa lake la manjano kwapani. Mjini Goma, katika nchi hiyohiyo, ambako asubuhi huwa na baridi na vumbi jeusi la lava hushika kola ya kila apandaye pikipiki, singleti, yaani fulana nyepesi ya ndani, hunyonya jasho na kuongeza joto kidogo. Ivaliwe, mradi shingo yake isichungulie penye kifungo kilichofunguliwa, kwani hapo huharibu vazi zima.