Mhandisi Asiyeweza Kusimamisha Zege

Jengo la ghorofa nne lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, walionaswa chini ya kifusi walikuwa bado wanaongea na waokoaji wakati huku juu watu wameshaanza kuuliza: wahandisi walikuwa wapi? Zaidi ya watu 20 walifariki. Swali hilohilo liliulizwa Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, jijini humohumo, lilipoanguka na kuua watu 36. Nairobi nako waliliuliza Aprili 2016, baada ya jengo la makazi la Huruma kuporomoka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Na kila mara majibu yamekuwa yaleyale: sheria zikazwe, vishoka wakamatwe, majengo yote yakaguliwe.

Sipingi hata moja kati ya hayo. Ninachosema ni kwamba hakuna kati yake linalomgusa mtu aliyesimama saiti siku zege linapomwagwa.

Kwenye karatasi, mhandisi wa Tanzania ana heshima yake yote. Sheria ya Usajili wa Wahandisi Namba 15 ya mwaka 1997 inaipa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, uwezo wa kumsajili, kumsimamia na kumfutia usajili. Mhitimu wa chuo kikuu haitwi mhandisi mtaalamu siku anayotoka chuoni. Hufanya kazi chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miaka mitatu, na tangu 2003 upo mpango maalumu wa mafunzo kwa vitendo, SEAP, wa kumpitisha katika kipindi hicho. Akisajiliwa, hula kiapo mbele ya wenzake kwenye Siku ya Wahandisi. Kenya nao wana Bodi yao na Sheria ya Wahandisi ya 2011. Kwa hiyo si kweli kwamba hatuna sheria inayomtambua mhandisi. Kinachokosekana ni jibu la swali jingine: akishatambuliwa, ana uwezo wa kufanya nini?

Chukua siku ya kumwaga slabu. Mashine ya zege imekodiwa kwa siku moja, vibarua wameshapanga foleni na ndoo, kokoto imemwagwa barabarani na mgambo wanaizungukia. Mhandisi anapita juu ya nondo na kuona kwamba zile za juu, zinazopita juu ya bimu, zimekanyagwa hadi zimelala chini. Kwa jicho la mpita njia nondo zote zipo na hazijaibiwa. Lakini juu ya bimu slabu huvutwa upande wa juu, na nondo iliyolala chini haisaidii kitu hapo. Katika slabu yenye unene wa milimita 150, nondo ya juu ikishuka milimita 40 tu, sehemu hiyo hupoteza karibu theluthi ya nguvu iliyopigiwa hesabu. Wakati huohuo, pale kwenye mashine, kijana anaongeza maji ili zege liteleze na kazi iende haraka. Maji yaliyozidi huja kukauka na kuacha vitundu visivyoonekana ndani ya zege, na nguvu yake hushuka. Vipande vya sampuli, vyenye milimita 150 kila upande, vitapelekwa maabara kuvunjwa siku ya 7 na siku ya 28. Majibu ya siku ya 28 yakirudi, pengine ghorofa nyingine imeshapanda juu yake.

Mhandisi huyo atafanya nini? Atasema. Kondrakta atamjibu, "Injinia, hii tutairekebisha huko mbele." Tajiri, ndiye mwenye jengo na ndiye anayemlipa, atauliza hasara ya mashine ya siku nzima inakwenda kwa nani. Mhandisi akishikilia msimamo, Jumatatu atakuta mwingine kashika michoro yake. Wahandisi wengi wanaosoma makala haya wanaijua siku hiyo vizuri kuliko ninavyoweza kuieleza.

Jambo hili si geni wala si la Afrika peke yake. Tarehe 29 Agosti 1907, daraja la chuma lililokuwa likijengwa juu ya mto Saint Lawrence, karibu na jiji la Québec nchini Kanada, lilianguka mtoni kwa sekunde chache. Wafanyakazi 75 walikufa, 33 kati yao wakiwa Wamohawk, wenyeji wa asili kutoka Kahnawake, mafundi mashuhuri wa kupanda vyuma. Mhandisi mshauri, Theodore Cooper, alikuwa bingwa wa madaraja katika zama zake. Lakini alikuwa mzee na mgonjwa, aliishi New York, na kazi aliisimamia kwa barua. Urefu wa uwazi mkuu ulikuwa umeongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, na uzito wa daraja lenyewe haukupigiwa hesabu upya ipasavyo. Wiki chache kabla ya ajali, mhandisi kijana wa saiti, Norman McLure, aliona vyuma vya chini vya daraja vimeanza kupinda. Akaandika. Walio juu yake wakabishana: labda vilipinda zamani kiwandani. Mwisho McLure akapanda treni hadi New York kumweleza mkubwa wake ana kwa ana. Cooper alielewa mara moja na akatuma simu ya maandishi kwenye ofisi za kampuni ya ujenzi, Pennsylvania, kwamba uzito usiongezwe. Agizo hilo halikutekelezwa saiti kwa wakati. Jioni hiyohiyo daraja likaenda.

Tume ya uchunguzi ililaumu usanifu, na ilikuwa sahihi. Lakini ilibaini pia kwamba pale mtoni hakukuwa na mtu mwenye ujuzi na mamlaka ya kutosha kusema basi. Mimi naona hapo ndipo penye somo letu. McLure aliona, alijua kwamba ameona, na akaripoti kwa bidii kubwa kuliko wengi wetu tungefanya. Kilichomshinda ni kwamba hakuwa na haki ya kusimamisha kazi kwa kauli yake.

Mhuri wa mhandisi nao una kisa chake. Julai 1981, vivuko viwili vilivyoning'inizwa ndani ya hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani, viliangukia umati uliokuwa ukicheza dansi. Watu 114 walikufa. Mchoro wa kwanza ulikuwa na vyuma virefu vilivyoshuka kutoka darini na kubeba vivuko vyote viwili. Ili kurahisisha kazi, vikabadilishwa kuwa seti mbili, kivuko cha chini kikaning'inia kwenye kile cha juu badala ya darini. Badiliko hilo lilifanya kiungo cha kivuko cha juu kibebe mzigo maradufu, na mchoro huo ulipita ukiwa na mhuri wa mhandisi bila mtu kuupigia hesabu. Wahandisi wawili walipoteza leseni zao katika jimbo la Missouri. Kwetu, ndani ya taaluma, kila mtu amewahi kusikia habari za vyeti vinavyoazimwa ili kampuni isajiliwe, na mihuri inayogongwa kwenye michoro ya saiti ambayo mwenye mhuri hajawahi kuikanyaga. Hili ni la kuwafedhehesha wahandisi wenyewe, na hatuwezi kulitupa mlangoni kwa tajiri. Anayekodisha mhuri wake amekubali mapema kwamba siku nondo zikilala hatakuwapo.

Zipo hoja nzito dhidi ya kumpa mhandisi wa saiti haki aliyoikosa McLure, ya kusimamisha kazi. Ya kwanza ni kwamba mamlaka hayo yapo tayari: mhandisi wa manispaa anaweza kusimamisha ujenzi, OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, wanaweza, na Bodi za wahandisi na makandarasi zina wakaguzi wao. Ni kweli. Lakini wakaguzi huja kwa ziara, na zege humwagwa hata usiku na Jumapili. Ya pili ni hofu ya rushwa, kwamba haki ya kusimamisha itageuzwa haki ya kudai chochote ili kazi iendelee. Hofu hii naiheshimu, kwa sababu tumeona vibali vikifanyiwa hivyohivyo. Ya tatu ni gharama. Siku moja ya kusimama ni pesa nyingi kwa mtu anayejenga kwa mkopo wa benki, na mhandisi wa miaka miwili kazini anaweza kukosea.

Hoja hizo zinadai haki hiyo iwekewe mipaka, hazidai inyimwe. Zuio la mhandisi wa saiti liwe la muda mfupi, saa 48 zinatosha. Liandikwe kwenye daftari la saiti likiwa na sababu za kitaalamu, na nakala iende ERB siku hiyohiyo. Ndani ya muda huo mhandisi wa pili, asiyelipwa na tajiri yule, aje aangalie. Akiona hakuna tatizo, kazi iendelee. Aliyezuia kwa nia njema asidaiwe fidia wala asifukuzwe. Aliyezuia ili apewe bahasha, usajili wake ujadiliwe. Mdai rushwa hupenda mambo ya mdomo, na kumbukumbu zilizoandikwa zitambana kuliko hotuba zozote.

Haki hiyo haina maana kwa mtu ambaye miaka yake mitatu ya mwanzo ilimfundisha kunyamaza. Mhitimu anayefanya kazi kwa kujitolea, akisubiri nauli kutoka kwa kondrakta na sahihi ya kondrakta huyohuyo kwenye kitabu chake cha mafunzo, hawezi kumzuia kondrakta. Tunamtia woga katika kipindi kilekile ambacho tabia yake ya kazi inajengwa, kisha tunamwapisha kwa maneno mazito. Ndiyo maana posho ya wahitimu walio kwenye SEAP isihesabiwe kuwa hisani. Ni suala la usalama wa umma sawa na ubora wa saruji, na kila mradi wa fedha za umma ungepaswa kuwa na fungu la posho hiyo ndani ya mkataba.

Na ujenzi ukiisha, jengo bado linahitaji mtu wa kuliuliza. Viwango vya Uingereza ambavyo wahandisi wetu wengi wamefundishwa navyo huichukulia sakafu ya makazi kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Vyumba hivyo vikigeuzwa stoo na mizigo kupangwa hadi mita tatu, viwango hivyohivyo vinataka sakafu ya kubeba zaidi ya kilo 700. Mwenye jengo hubadilisha matumizi kwa kubadilisha wapangaji tu. Leseni ya biashara ya stoo kwenye ghorofa isitolewe bila barua ya mhandisi aliyefika na kupima.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Wizara ya Ujenzi wana nafasi ya kupeleka bungeni marekebisho ya Sheria ya 1997 yenye kifungu cha zuio la saa 48. Wahandisi mtakaokutana kwenye Siku ya Wahandisi ijayo, kidaini kifungu hicho kabla ya kuwaapisha vijana wapya.