Risala ya Wafanyakazi wa Zamu za Usiku kwa Waheshimiwa Magavana

Waheshimiwa Magavana, pamoja na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,

Sisi ni wafanyakazi wa vituo vya kazi za ng'ambo. Tunapokea simu za wateja wa London na Chicago, tunakagua madai ya bima ya watu tusiowajua, tunaweka alama kwenye picha zisizo na idadi ili mashine ijue kumtofautisha mtoto na pipa la taka. Zamu zetu nyingi huanza watoto wanaporudi kutoka shule, kwa kuwa saa tunazofuata kazini si za Kenya.

Tumesikia kwamba kila kaunti sasa inavitaka vituo hivi. Hatuna neno na hilo. Mshahara wa kituo cha simu umelipa karo za wadogo zetu na kodi za nyumba huko Ruiru, Mlolongo na Kitengela, na aliyewahi kuzunguka na bahasha ya vyeti hawezi kuudharau. Kero yetu ni masharti mnayosahau kuyaweka mnapomkaribisha mgeni.

Tuanze na kile ambacho tayari kimetolewa. Mwekezaji aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Maeneo Maalumu ya Kiuchumi ya 2015 hutozwa kodi ya kampuni asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, kisha asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata, ilhali kampuni ya kawaida hapa nchini hulipa asilimia 30. Sheria hiyohiyo inamsamehe ada za leseni ya biashara na za matangazo ambazo zingeingia katika hazina ya kaunti. Hayo yaliamuliwa na Bunge la Taifa, hatuwatwiki nyinyi. Lakini mmebaki na ada za ardhi, idhini ya ramani za majengo, barabara ya kuingilia, maji na taa za barabarani. Si haba, na ndivyo vinavyoahidiwa kwa moyo mkunjufu siku ya kukata utepe. Siku hiyo hatujasikia mtu akiuliza mikataba ya kazi itakuwa ya muda gani, wala ni nani hasa atakayeajiri.

Swali hilo la mwajiri ndilo lililotufanya tuandike. Kampuni kubwa ya kimataifa inaweza kufungua ofisi yake yenyewe na kuajiri kwa jina lake, kama Microsoft ilivyofanya Nairobi mwaka 2019 ilipoanzisha kituo cha wahandisi wa programu. Inaweza pia kumpa kazi wakala, wakala akatuajiri sisi, na jina la mwenye kazi lisionekane popote kwenye karatasi zetu. Njia zote mbili huitwa uwekezaji na hupigiwa makofi sawasawa. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kuhusu kazi moja ya namna hii ya pili iliyofanyika Nairobi: mteja wa Marekani alikubali kulipa dola 12.50 kwa saa, na mfanyakazi aliyesoma maandishi ya ukatili siku nzima akapata chini ya dola 2. Wakala alijitetea kwamba kiasi hicho kililipia pia majengo na mishahara ya wasimamizi. Huenda. Lakini ikiwa kaunti imemrahisishia mtu gharama za jengo, ina haki ya kuuliza nafuu hiyo imeishia mfukoni mwa nani.

Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Meta, kampuni inayomiliki Facebook, inaweza kushtakiwa hapa Kenya na wahakiki wa maudhui walioajiriwa kupitia wakala. Tulishangilia. Mwaka haukuisha kabla ya mswada wa marekebisho ya sheria za biashara kuletwa Seneti, ukiwa na kifungu kinachotaka madai ya mfanyakazi yaishie kwa wakala. Katiba inasema Seneti huwakilisha kaunti na hulinda maslahi yake. Basi mswada huo ulikuwa mlangoni kwenu, Waheshimiwa, na tulitega masikio tukisubiri Gavana hata mmoja aseme neno.

Mtajibu kwamba tukibana masharti, wageni watakwenda kwingine. Tutazame basi hao tunaoambiwa ni washindani wetu. Nchini India serikali za majimbo ndizo zinazogombania vituo hivi. Tamil Nadu iliamua kusaidia kulipa mishahara: asilimia 30 mwaka wa kwanza, 20 wa pili na 10 wa tatu, lakini kwa nafasi zinazolipa zaidi ya rupia 100,000 kwa mwezi tu. Anayelipa kidogo hapewi kitu. Karnataka ilitoa sera yake Novemba 2024, ikilenga vituo vipya 500 na ajira 350,000 kufikia 2029, na kuweka vivutio vya ziada kwa watakaokwenda Mysuru, Mangaluru na miji mingine nje ya Bengaluru. Kwetu sisi, kebo za intaneti zilitia nanga Mombasa mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, na kazi zikapanda moja kwa moja hadi Nairobi. Pwani ilibaki kuwa kituo cha kupitia.

Hatusemi India ni peponi. Julai 2024 serikali hiyohiyo ya Karnataka ilifikiria kuruhusu siku ya kazi ya hadi saa 14 kwa wafanyakazi wa teknolojia, na chama chao kikaja juu. Mwezi huohuo ilipitisha katika baraza lake la mawaziri mswada wa kuwatengea wenyeji nafasi katika kampuni binafsi, kisha ikausimamisha kwa kelele za waajiri. Sisi hatuombi nafasi za kabila wala za wadi. Tunakaa meza moja, Mkamba na Mdigo na Msomali, na simu ikilia hakuna anayeuliza mtu ametoka wapi.

Tunachodai kwanza ni daftari. Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka kila msamaha wa kodi au ada ya leseni uandikwe hadharani pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu aarifiwe. Chapisheni basi: kampuni gani, imesamehewa kiasi gani, kwa ahadi ya ajira ngapi na za mkataba wa muda gani. Msamaha wa ada za ardhi usitolewe kwa kituo kinachoajiri kwa mikataba ya mwezi mmoja mmoja, wala kwa wakala anayekataa kumtaja mteja wake na kumfunga kwa maandishi ashiriki dhima ya mshahara na matibabu. Ahadi isipotimizwa, ada irudi kudaiwa, tena na riba.

La pili wengine wataliona dogo. Wengi wetu ni akina mama. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la vituo vya kulelea watoto, sambamba na shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Vituo tunavyovijua hufungwa jioni, saa ambayo sisi ndiyo kwanza tunavaa hedifoni. Mtoto huachwa kwa jirani, jirani akisafiri mama huomba ruhusa, na ruhusa ya tatu huwa barua ya kuachishwa kazi. Kaunti inayoweza kumpa mwekezaji lami ya kilomita mbili inaweza kumtaka atenge chumba na walezi wa usiku kabla ramani yake haijagongwa muhuri. Muhuri huo ni wenu peke yenu. Na taa za barabarani, ambazo pia ni zenu, zifike stejini kunakoshuka watu saa nane usiku, zisiishie kwenye lango la kampuni.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla Mswada wa Fedha wa kila kaunti haujafikishwa bungeni. Tunaomba pia tualikwe kwenye vikao vya kukusanya maoni ya umma. Vikao hivyo huitishwa saa nne asubuhi, sisi tukiwa tumelala. Kimoja kiwekwe saa nane mchana, tutafika.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa zamu za usiku