Kitabu Kipi Kitangulie?

Machi 2022, mbele ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani, Seneta Ted Cruz wa Texas alionyesha kurasa zilizokuzwa za kitabu cha watoto wadogo. Kilikuwa Antiracist Baby cha Ibram X. Kendi, kilichotoka mwaka 2020. Aliyekuwa akihojiwa ni Jaji Ketanji Brown Jackson, ambaye baadaye alithibitishwa kuwa mwanamke wa kwanza Mweusi katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Seneta alitaka kujua kama jaji anakubali kwamba watoto wachanga ni wabaguzi. Jaji alinyamaza kidogo, kisha akasema haamini kwamba mtoto yeyote anapaswa kufanywa ajione mbaguzi au ajione si kitu.

Jibu hilo naliunga mkono. Ninachokikataa ni hitimisho ambalo wengi wamelifikia kutokana na ugomvi wa namna hii: kwamba basi vitabu vya watoto vinavyogusa ubaguzi vifungwe kabatini, tusubiri mtoto akue. Wanaosema hivyo si wote watu wenye chuki. Wengi ni wazazi wanaoogopa kumtwisha mtoto wa miaka 4 mambo yanayowashinda watu wazima, na hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima.

Tuanze na kile ambacho mtoto anakijua kabla hajafunguliwa kitabu chochote. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia wawili Weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie, waliketi na watoto Weusi 253 wa miaka 3 hadi 7, baadhi kutoka Arkansas walikotengwa kishule, baadhi kutoka Massachusetts walikosoma pamoja na Wazungu. Mbele yao waliweka wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi ya ngozi na nywele. Nipe unayependa kucheza naye. Nipe aliye mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri, na zaidi ya nusu walimtaja wa kahawia kuwa ndiye anayeonekana mbaya. Kisha likaja ombi la mwisho: nipe anayefanana nawe. Wapo watoto waliolia hapo, na wapo waliotoka chumbani. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilitaja kazi ya Kenneth Clark ilipoharamisha utenganishaji wa wanafunzi kwa rangi.

Watoto wale hawakuwa wamesomewa kitabu chochote juu ya ubaguzi. Somo walilipata dukani, barabarani, katika picha za matangazo, katika sauti za watu wazima zilizobadilika pale Mzungu alipopita. Kwa hiyo mzazi anayenyamaza hamwachi mtoto wake mtupu. Anawaachia wengine kazi ya kumfundisha.

Lakini kukubali kwamba tuzungumze hakujibu swali gumu zaidi, nalo ni mtoto akutane na nini kwanza. Hapa ndipo naona shule nyingi za Marekani zinapojikwaa, hata zile zenye nia njema.

Mwaka 1965 Nancy Larrick, mwalimu na mhariri, alichapisha katika jarida la Saturday Review makala iliyowatikisa wachapishaji. Alikuwa amepitia zaidi ya vitabu 5,000 vya watoto vilivyotolewa katika miaka mitatu, na ni 6.7% tu vilivyokuwa na hata mtu mmoja Mweusi, awe katika maneno au katika picha. Katika hivyo vichache kilikuwamo The Snowy Day cha Ezra Jack Keats, cha mwaka 1962, kilichompatia mchoraji wake tuzo ya Caldecott mwaka uliofuata. Mtoto Mweusi aitwaye Peter anaamka, anakuta theluji imeanguka usiku, anavaa nguo yake nyekundu na kutoka nje. Anaburuta miguu kuchora mistari kwenye theluji. Anagonga mti kwa fimbo na theluji inamwangukia kichwani. Jioni anaingia ndani na donge la theluji mfukoni, akitaka kulihifadhi kwa ajili ya kesho, na baadaye mfuko unakuwa mtupu.

Hakuna neno hata moja linalotaja rangi yake. Larrick alililalamikia hilo, na lawama yake ina msingi: katika nchi iliyokuwa bado inawapiga watu Weusi kwa kudai kura, kunyamaza kuhusu rangi kulionekana kama kukwepa. Mimi naona kimya kile ni nguvu ya kitabu kikisomwa kwanza, na ni udhaifu wake kikiwa ndicho pekee. Mtoto Mweusi akikifungua anajikuta katikati ya furaha yake mwenyewe, hadaiwi maelezo na mtu. Mtoto wa Kizungu naye anamkuta Peter akiwa mtoto anayecheza kama yeye, kabla hajamkuta mtu Mweusi akiwa mtu wa kuonewa huruma.

Baada ya Peter, ndipo aje Ruby. Tarehe 14 Novemba 1960, Ruby Bridges, mwenye miaka 6, aliingia shule ya msingi ya William Frantz mjini New Orleans akisindikizwa na maafisa wanne wa serikali ya shirikisho. Nje palikuwa na umati wa Wazungu waliokuwa wakipiga kelele na kurusha vitu. Ruby amesimulia mara nyingi kwamba alipouona umati ule alidhani ni Mardi Gras, sherehe ya mji wao. Amesimulia pia kilichomtisha kuliko vyote: mwanamke aliyebeba mwanasesere mweusi ndani ya jeneza dogo. Wazazi Wazungu wakawaondoa watoto wao. Kwa mwaka mzima Ruby alisoma peke yake na mwalimu mmoja, Barbara Henry, Mzungu kutoka Boston, kwa sababu walimu wengine walikataa. Baba yake alifukuzwa kazi. Babu na bibi yake huko Mississippi walifukuzwa kwenye shamba walilokuwa wakilima.

Ni hadithi inayofaa kabisa kwa mtoto wa miaka 6, kwa kuwa aliyeyapitia hayo ni mtoto wa miaka 6. Hata hivyo mwaka 2021, katika wilaya ya Williamson, Tennessee, kundi la wazazi liliwasilisha malalamiko dhidi ya vitabu kadhaa, kikiwamo kile alichokiandika Ruby mwenyewe kwa ajili ya wasomaji wanaoanza. Walilalamika, pamoja na mengine, kwamba kinataja umati mkubwa wa Wazungu wenye hasira. Umati ulikuwepo na picha zake zipo. Wazazi walihofia kwamba mtoto Mzungu atajiona mkosaji, lakini katika hadithi hiyo hiyo yumo Barbara Henry, anayeingia kila asubuhi na kufundisha darasa la mtoto mmoja kana kwamba limejaa. Mtoto wa Kizungu ana mahali pa kusimama, na mwalimu mwenye busara humwonyesha.

Wasiwasi wangu mkubwa zaidi ni juu ya mtoto Mweusi aliyeketi mkekani katika darasa hilo, pengine peke yake. Kwa wenzake umati ule ni habari ya zamani. Kwake ni watu wanaomzomea mtu wa sura yake. Mwalimu akimgeukia mbele ya wote na kumuuliza anajisikiaje, amemfanya kuwa sehemu ya kitabu. Asiulizwe. Wale wengine ndio waulizwe: kama ungekuwa mmoja wa watoto walioondolewa shuleni siku ile, ungemwambia nini mama yako?

Na kuna jambo jingine. Kitabu kinachojulikana sana cha kisa hiki, kilichoandikwa na daktari wa akili Robert Coles mwaka 1995, kinamwonyesha Ruby akiwaombea wanaomzomea. Ni kweli alifanya hivyo. Lakini darasa likiishia hapo, mtoto aliyeonewa ndiye anayebeba pia kazi ya kusamehe, na waliozomea hawadaiwi kitu. Msomaji mzuri husimama ukurasa huo na kuuliza: na hawa watu wazima, walipaswa kufanya nini kesho yake?

Picha zina nguvu kubwa hapa kuliko maandishi, maana mtoto asiyejua kusoma huzisoma nyuso. Januari 2016 kampuni ya Scholastic iliondoa sokoni A Birthday Cake for George Washington, kitabu juu ya Hercules, mpishi mtumwa wa rais wa kwanza wa Marekani, kilichojaa nyuso za watumwa wanaotabasamu jikoni. Hercules halisi alitoroka mwaka 1797, na siku aliyotoroka ilikuwa ya kuzaliwa kwa bwana wake. Binti yake, ambaye kitabuni ndiye msimulizi, alibaki utumwani. Habari ya kutoroka iliwekwa katika maelezo ya mwandishi nje ya hadithi, ambako mtoto hafiki. Kwa macho ya mtoto wa miaka 5, kitabu kile kilisema kwamba utumwa ulikuwa kazi ya jikoni yenye furaha.

Haya yote yanawahusu moja kwa moja wasemaji wa Kiswahili walioko huko. Miaka ya karibuni familia nyingi za wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo zimepewa makazi Marekani, na watoto wao wameingia chekechea wakiongea Kiswahili. Mzazi aliyekulia Uvira au Bukavu anajua ubaguzi wa aina nyingine kwa machungu, wa kabila na wa uraia, ila huu wa rangi anakutana nao ukubwani, pamoja na mwanawe. Kitabu cha picha kinaweza kumfundisha na yeye, bila aibu, akisoma kwa sauti.

Lakini nyumbani kwetu kuna deni letu. Bibi anaongea na mjukuu kwa simu ya video na neno la kwanza ni, "Jamani, mbona mtoto amekuwa mweusi hivi? Jua la huko ni kali?" Shangazi anasifiwa harusini kwa kuwa mweupe, na kila mtu anajua kuhusu mkorogo lakini hausemwi. Ndiyo maana nakiheshimu Sulwe cha Lupita Nyong'o, Mkenya, kilichochorwa na Vashti Harrison na kutoka mwaka 2019. Sulwe ndiye mweusi kuliko wote nyumbani kwao, na dada yake anapendwa na kila mtu kwa weupe wake. Basi anachukua kifutio na kujisugua ngozi. Mtoto anayejua kifutio kinafanya nini kwenye daftari anauelewa ukurasa ule mara moja. Hapo mzazi anaweza kumwambia bibi, kwa adabu yote, "Mama, tafadhali, maneno hayo tuyaache mbele ya mtoto."

Na Kiswahili kimewahi kutumika huko kwa lile lile ninalolitetea. Mwaka 1971 Muriel Feelings, Mmarekani Mweusi aliyewahi kufundisha Uganda, alitoa Moja Means One, na mwaka 1974 Jambo Means Hello, vyote vikichorwa na mumewe Tom. Kimoja ni cha kuhesabu kwa Kiswahili, kingine ni cha alfabeti. Ndani ya vitabu hivyo mna soko, vyakula, ngoma, wazee na watoto. Watoto Weusi wa Marekani walipewa nafasi ya kuwaona watu wa sura yao wakiishi.

Mzazi aliye huko aende shuleni, aombe kuona rafu ya vitabu ya darasa la mwanawe. Ahesabu vitabu ambamo mtoto Mweusi anacheza, anapika, anapotea njia, anagombana na kaka yake. Ahesabu na vile ambamo anazomewa, anafungwa minyororo au anaandamana. Kama aina ya pili ndiyo pekee iliyopo, na hutolewa Februari tu, mwezi wa historia ya watu Weusi, kisha hurudishwa sandukuni Machi, basi hilo ndilo la kumwambia mwalimu, naye aandikiwe majina ya vitabu vitatu vya kuanzia.